Mzizi ulio kwenye diski pacha: kwa nini mashine husimama diski moja inapokufa

Msomaji mmoja anayetunza seva ndogo ya chuo ameniandikia kwamba aliweka Debian 12 kwenye diski ya terabaiti 1, kisha akaongeza diski ya pili ya ukubwa uleule na kuugeuza mfumo wa faili wa mzizi, ambao ni Btrfs, uwe RAID1, yaani kila kitu kiwe na nakala kwenye diski zote mbili. Baada ya umeme kukatika na kurudi, diski ya pili haikuamka tena, na seva nayo haikuwaka: iliishia kwenye skrini nyeusi yenye kidokezo cha amri cha initramfs, mfumo mdogo wa muda unaoutangulia mfumo kamili. Anauliza mambo mawili. Kwanza, nakala mbili za kila kitu zina faida gani ikiwa kufa kwa nakala moja kunaisimamisha mashine nzima, ilhali seva ya mwenzake inayotumia mdadm, chombo kingine cha Linux cha kuunganisha diski, ilipoteza diski na ikaendelea kuwaka kama kawaida? Pili, je, aliandike neno `degraded`, linaloruhusu mfumo wa faili kutumika hata diski moja ikikosekana, katika mipangilio ya kuwashia, libaki humo daima, ili jambo hili lisijirudie?

Ndugu msomaji, nianze na swali la pili, kwa kuwa jibu lake ni fupi na nisingependa ulitekeleze wazo hilo kabla hujamaliza kusoma: usiliandike. Litumie leo kwa mkono, mara moja, kuifufua mashine, kisha lisibaki popote. Sababu zake ndizo zitakazochukua sehemu kubwa ya jibu hili, lakini hazieleweki vizuri mpaka tujue mashine ilipita wapi kabla ya kufika pale iliposimama.

Kidokezo kile kilichokutia hofu kilikuwa kwa kweli ushahidi kwamba karibu kila kitu kilifanya kazi. Mashine inapowashwa, hakuna sehemu yake hata moja inayojua kwamba una diski pacha. Programu iliyomo katika ubao mama, yaani UEFI, inajua kusoma FAT tu, mfumo wa faili wa zamani na rahisi; inatafuta kizigeu cha EFI, fungu dogo la diski lililotengwa kwa kazi hiyo, na kupakia kutoka humo faili moja, ambayo kwako ni GRUB, programu ya kuupakia mfumo endeshi. GRUB ina uwezo mkubwa zaidi: inaelewa Btrfs, inaelewa RAID1, na inaweza kusoma nakala iliyopo hata kama nyingine haionekani. Kwa hiyo iliingia katika saraka ya `/boot`, ikaichukua kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, pamoja na initramfs, ikaviweka kwenye kumbukumbu na kuiachia kerneli usukani. Kerneli iliamka, ikaifungua initramfs, ikapakia draiva za diski na kuzisaka diski zote zenye alama ya Btrfs kwa amri ya `btrfs device scan`. Hadi hapo viungo vyote vya mnyororo huu wa kuwashia vilikuwa vimetimiza wajibu wake kwa kutumia diski moja tu.

Kazi ya initramfs katika mnyororo huu haitajwi mara nyingi, lakini bila yake mzizi wa diski nyingi ni shida tupu. Kigezo cha `root=` kinachopewa kerneli kinataja kitu kimoja, na kwa mfumo wa faili wa kawaida kitu kimoja kinatosha. Btrfs ya diski mbili inahitaji kwamba kabla ya kupachikwa (mount), yaani kufunguliwa ili itumike, kerneli iwe imekwisha kuonyeshwa diski zote mbili. Ikitajiwa moja tu, haiendi kuitafuta nyingine yenyewe. Inawezekana kuzitaja zote kwa mkono ndani ya `rootflags` kwa kutumia `device=`, lakini majina kama `/dev/sda` na `/dev/sdb` hubadilishana pale mpangilio wa kebo au kasi ya kuamka kwa diski inapobadilika, na ndiyo maana usakaji huo hufanywa ndani ya initramfs, ambayo ni mfumo mdogo kamili unaoishi kwenye kumbukumbu na kuondoka mzizi halisi unapopatikana.

Kilichofuata ni uamuzi. Kerneli ilisoma kizuizi kikuu (superblock), yaani rekodi ya utambulisho, cha diski iliyobaki, ikakuta imeandikwa kwamba mfumo huu wa faili una diski mbili, ikaiona moja, na ikakataa kuupachika. Haikushindwa kusoma, kwani kila bloku ilikuwepo kwenye diski iliyo hai. Ilikataa kwa sababu waundaji wa Btrfs waliona kwamba kuendelea kuandika huku pacha mmoja hayupo ni jambo linalopaswa kuamuliwa na mtu, na neno `degraded` ndiyo namna ya mtu huyo kusema, "Ninajua kwamba diski moja haipo, endelea."

Hapa ndipo seva yako inapoachana na ile ya mwenzako. Katika mfumo wa md, unaosimamiwa na mdadm, kila diski ina kizuizi kikuu chenye hesabu ya matukio, na hesabu hiyo huongezeka kadiri kundi linavyobadilika. Diski moja ikitoweka, md huingoja kwa muda mfupi, kisha huliwasha kundi kwa diski iliyopo na kupandisha hesabu ya matukio juu yake. Diski iliyotoweka ikirudi kesho, hesabu yake itakuwa nyuma, na md itaitambua mara moja kuwa imepitwa na wakati. Haitaisoma kabisa mpaka msimamizi airudishe na inakiliwe upya. Kwa hiyo kuwaka na diski moja bila kuuliza ni jambo ambalo md inaweza kulifanya kwa usalama wa kiasi kikubwa.

Btrfs haina ulinzi wa namna hiyo. Tuseme umeandika `degraded` daima, na asubuhi moja diski ya pili ikachelewa kuamka kwa sababu ya kebo iliyolegea. Mashine itawaka na diski ya kwanza peke yake, bila kelele yoyote, na kuandika kwa siku nzima. Jioni unaizima, kesho yake kebo inashika, na diski zote mbili zinaonekana. Btrfs itazipachika zote mbili bila kuinakili upya ile iliyobaki nyuma. Kwa sehemu kubwa ya data, namba za uhakiki (checksum), zinazoonyesha kama data imebadilika, na namba za kizazi, zinazoonyesha kilichoandikwa kwanza na cha baadaye, zilizomo katika miti yake zitafichua bloku za zamani pindi zitakaposomwa, na nakala nzuri itatumika kuzirekebisha. Lakini faili zilizoondolewa kwenye utaratibu wa kunakili wakati wa kuandika, yaani zile zenye alama ya `+C`, hazina namba za uhakiki kabisa. Hizi ndizo mara nyingi faili za hifadhidata, taswira za mashine pepe, na hata kumbukumbu za matukio za systemd, programu inayosimamia huduma za mfumo. Kwa faili hizo Btrfs haina njia ya kujua ni nakala ipi iliyo ya kweli, na inaweza kukupa ya juzi ukidhani ni ya leo.

Baya zaidi ni hali ya pili. Leo mashine imewaka na diski ya kwanza peke yake. Wiki ijayo, kabla hujagundua chochote, ikawaka na ya pili peke yake. Sasa kila diski ina historia yake, kila moja inaamini kuwa ndiyo ya kweli, na vizazi vyake vimeendelea kwa njia mbili tofauti. Siku zitakapoonekana pamoja, mfumo utachanganya historia hizo mbili, na hakuna amri ya kuzipatanisha; kinachobaki ni kufuta upande mmoja na kutegemea chelezo. Skrini nyeusi iliyokukera ilikuwa inakukinga na siku hiyo. Ninaposema usiliandike neno hilo, nina maana ya `/etc/fstab`, orodha ya mifumo ya faili inayopachikwa wakati wa kuwasha, nina maana ya `/etc/default/grub`, na nina maana ya mahali pengine popote ambapo litasomwa bila wewe kuwepo.

Basi sasa tuifufue mashine yako. Kwenye menyu ya GRUB bonyeza `e`, uutafute mstari unaoanza na `linux`. Kisakinishi cha Debian 12 huuweka mzizi wa Btrfs ndani ya kijisehemu kinachoitwa `@rootfs`, kwa hiyo utaona tayari pameandikwa `rootflags=subvol=@rootfs`. Usiongeze `rootflags` ya pili, kwa sababu initramfs ya Debian huchukua ya mwisho tu, na ile ya kwanza, pamoja na jina la kijisehemu, itapotea. Ongeza kwa mkato katika ileile:

`rootflags=subvol=@rootfs,degraded`

Kisha bonyeza Ctrl pamoja na x. Badiliko hilo linadumu kwa uwashaji huo mmoja pekee, na ndivyo tunavyotaka. Ikiwa umekwisha kufika kwenye kidokezo cha initramfs, unaweza kufanya vivyo hivyo pale pale kwa `mount -o degraded,subvol=@rootfs /dev/sda2 /root`, kisha `exit`, nayo mashine itaendelea na safari yake. Kwa wasomaji wanaotumia Fedora au openSUSE, ambako systemd hufanya kazi ndani ya initramfs yenyewe, fahamuni kwamba neno `degraded` peke yake huenda lisitoshe: kanuni ya udev, programu inayotambua vifaa, huuhesabu mfumo wa Btrfs kuwa hauko tayari mpaka diski zake zote zionekane, na systemd huendelea kuingoja ile iliyokufa. Huko itabidi kusubiri ganda la dharura na kuupachika mzizi kwa mkono kwenye `/sysroot`.

Mashine ikishawaka, jambo la kwanza si kuagiza diski mpya bali kuhakikisha kwamba ulikuwa na RAID1 kweli. Kisakinishi cha Debian hakiwezi kuunda Btrfs ya diski mbili, kwa hiyo watu wengi hupita njia uliyoipita wewe: kuweka mfumo kwenye diski moja, kuongeza ya pili kwa `btrfs device add`, kisha kugeuza. Kuongeza diski hakugeuzi chochote. Kunapanua nafasi tu. Kugeuza hufanywa kwa `btrfs balance`, na lazima data na metadata (maelezo ya mfumo wa faili kuhusu data hiyo) zitajwe zote mbili. Hata anayeunda mfumo mpya kwa `mkfs.btrfs` akiipa diski mbili bila kutaja chochote atapata metadata yenye nakala mbili na data yenye nakala moja, na ataishi miaka akidhani amelindwa. Tazama kwa:

`btrfs filesystem usage /`

Mistari ya Data, Metadata na System yote inapaswa kusema RAID1. Ukikuta sehemu ndogo ya `single` baada ya kuwasha kwa `degraded`, usishtuke: zinapohitajika bloku mpya huku diski iko moja, Btrfs huziandika kwa nakala moja, na tutazirekebisha baadaye. Katika kerneli za kabla ya 4.14 hali hiyo ilikuwa mtego mkali, kwani uwashaji wa pili wa namna hiyo uliruhusu kusoma tu na si kuandika. Debian 12 ina kerneli 6.1, hivyo mtego huo haukuhusu, ingawa bado ninakushauri usiizimezime mashine ovyo ikiwa katika hali hii.

Diski mpya ikifika, nakili mpangilio wa vizigeu kutoka diski hai kwenda mpya. Tafadhali isome amri hii mara tatu kabla ya kubonyeza, kwa sababu mpokeaji hutajwa kwanza, kinyume na mazoea ya wengi:

`sgdisk -R /dev/sdb /dev/sda`

`sgdisk -G /dev/sdb`

Ya kwanza inachukua mpangilio wa `sda` na kuuandika juu ya `sdb`. Ya pili inaipa diski mpya vitambulisho vyake yenyewe, ili zisiwepo diski mbili zenye kitambulisho kimoja. Kisha angalia kwa `btrfs filesystem show /` namba ya diski iliyokosekana, ambayo kwako bila shaka ni 2, na uibadilishe:

`btrfs replace start 2 /dev/sdb2 /`

Usijaribu kwanza kuiondoa iliyokufa kwa `device remove missing`. RAID1 inadai angalau diski mbili, na Btrfs itakukatalia. Kazi ya kunakili ikiisha, na unaweza kuifuatilia kwa `btrfs replace status /`, rudisha nakala mbili kwa zile bloku zilizoandikwa peke yake, kisha kagua kila kitu:

`btrfs balance start -dconvert=raid1,soft -mconvert=raid1,soft /`

`btrfs scrub start -B /`

Neno `soft` linaiambia amri ya kwanza iziache bloku ambazo tayari ni RAID1, na bila hilo utahamisha terabaiti nzima bila sababu. Amri ya pili inasoma kila bloku katika kila nakala na kuilinganisha na namba yake ya uhakiki.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hukuliuliza, na ambalo nina hakika litakugusa siku moja usipolishughulikia. Diski yako ya pili ndiyo iliyokufa. Je, ingekufa ya kwanza? Kwa jinsi ulivyoeleza, GRUB iliwekwa wakati ulipokuwa na diski moja, na hukutaja kwamba uliwahi kuiweka kwenye ya pili. Ikiwa ndivyo, usingefika hata kwenye kidokezo cha initramfs. Ubao mama ungekuambia kwamba hakuna kifaa cha kuwashia, huku data yako yote ikiwa salama kwenye diski ambayo mashine haijui pa kuanzia kuisoma. Btrfs inanakili yaliyomo ndani yake tu. Kizigeu cha EFI kiko nje yake, ni FAT tupu, na hakuna anayekinakili isipokuwa wewe.

Kuna wanaokiweka kizigeu hicho katika kundi la mdadm la RAID1 lenye metadata ya toleo 1.0, ambayo hukaa mwishoni mwa kizigeu, hivyo ubao mama huona mwanzo wa FAT ya kawaida na kuisoma bila tatizo. Njia hiyo inafanya kazi, lakini siipendi, kwa sababu baadhi ya programu za ubao mama huandika ndani ya kizigeu cha EFI, na zikiandika zinaandika kwenye pacha mmoja bila md kujua. Ninachopendelea ni kuwa na vizigeu viwili vinavyojitegemea, kila kimoja kwenye diski yake, na kunakili yaliyomo kutoka kimoja kwenda kingine. Kazi hiyo ni nyepesi kuliko inavyosikika. Katika Debian, kerneli na initramfs zinakaa `/boot`, ndani ya Btrfs, na kizigeu cha EFI kina GRUB pamoja na faili fupi ya mipangilio inayoielekeza kuutafuta mfumo wa faili kwa UUID, yaani kitambulisho chake cha kipekee. UUID ya Btrfs ni moja kwa diski zote mbili, kwa hiyo faili hiyohiyo inafaa kuanzia upande wowote, na yaliyomo hubadilika tu pale kifurushi cha GRUB au cha shim (faili ndogo inayoipakia GRUB) kinaposasishwa.

Unda FAT kwenye kizigeu cha kwanza cha diski mpya kwa `mkfs.vfat -F 32 /dev/sdb1`, kipachike kwenye `/boot/efi2`, kisha endesha `dpkg-reconfigure grub-efi-amd64` na ukubali swali la kuweka nakala ya ziada katika njia ya vifaa vya kuchomoka. Nakala hiyo huwekwa kwa jina `EFI/BOOT/BOOTX64.EFI`, ambalo UEFI hulitafuta kwenye diski yoyote pasipo kuhitaji kuambiwa. Ni muhimu, kwa sababu orodha ya kuwashia inayotunzwa ndani ya ubao mama si ya kutegemewa sana: zipo mbao mama zinazofuta kumbukumbu ya diski ambayo haikuonekana mara moja tu. Baada ya hapo nakili, na ufanye kunakili huko kuwe kazi ya kila siku katika `/etc/cron.daily`:

`mountpoint -q /boot/efi && mountpoint -q /boot/efi2 && rsync -rt --delete /boot/efi/ /boot/efi2/`

Usiziondoe zile amri mbili za `mountpoint` kwa kuziona ni urembo. Diski ya kwanza ikifa, `/boot/efi` itakuwa saraka tupu, na rsync yenye `--delete` itaifanya `/boot/efi2` iwe tupu vilevile, yaani itafuta kizigeu pekee kilichobaki cha kukuwashia mashine. Mwisho, iambie UEFI juu ya diski ya pili:

`efibootmgr -c -d /dev/sdb -p 1 -L "Debian diski 2" -l '\EFI\debian\shimx64.efi'`

Wenye mashine za zamani za BIOS wana kazi nyepesi zaidi: `grub-install` kwenye diski ya kwanza, kisha kwenye ya pili, na kama vizigeu ni vya GPT, kila diski iwe na kizigeu cha mebibaiti 1 cha aina ya kuwashia BIOS.

Halafu kuna `/etc/fstab`, ambayo nimeiona ikiharibu kazi nzuri iliyofanywa kwa uangalifu mkubwa. Kisakinishi kiliandika humo kwamba `/boot/efi` ipachikwe kwa UUID ya kizigeu kilicho kwenye diski ya kwanza. Diski hiyo ikikosekana, GRUB itatoka kwenye diski ya pili, mzizi utapachikwa baada ya wewe kuruhusu, kisha systemd itasimama ikingoja `/boot/efi` kwa sekunde 90 na kuishia katika hali ya dharura. Na ikiwa akaunti ya root haina nywila, kama ilivyo kwenye mashine nyingi zinazotumia sudo, utaambiwa kwamba akaunti imefungwa na hutaweza kuingia hata hapo. Dawa yake ni maneno machache katika mistari yote miwili, wa `/boot/efi` na wa `/boot/efi2`: `nofail,x-systemd.device-timeout=10s`.

Swap nayo, yaani nafasi ya diski inayosaidia kumbukumbu, itazame. Ikiwa kwenye kizigeu cha diski moja na diski hiyo ikafa usiku mashine inafanya kazi, programu zilizokuwa na kurasa zake humo zitaanguka, hata kama mzizi haukuguswa. Wakati wa kuwaka, initramfs inaweza kuingoja kwa sababu ya mpangilio wa kuamka kutoka usingizini, na systemd itaingoja tena, ingawa kwa swap hali hiyo huchelewesha tu bila kuzuia. Btrfs haikubali faili ya swap ndani ya RAID1, kwa hiyo una njia mbili: vizigeu viwili vidogo vilivyounganishwa kwa mdadm kuwa RAID1, au zram, yaani swap iliyobanwa ndani ya kumbukumbu yenyewe, kama kumbukumbu yako inatosha. Kwa seva ya chuo yenye kumbukumbu ya kutosha, ningechagua zram.

Umesema pia, kwa kupita tu, kwamba seva iko katika chumba ambacho hakina mtu mwishoni mwa juma. Hilo lina uzito kuliko ulivyolipa. Mashine ambayo lazima iwake yenyewe bila mtu kwenye kibodi haifai kuwa na mzizi wa Btrfs RAID1, kwa sababu zilezile nilizokueleza: usalama wake unategemea kuwepo kwa mtu wa kuamua. Kwa mashine ya namna hiyo ningeweka mzizi mdogo wa ext4 juu ya mdadm RAID1, ambao utawaka na diski moja na kukutumia barua pepe, kisha data za chuo ningeziacha kwenye Btrfs RAID1 iliyopachikwa kwa `nofail`. Hapo mashine itawaka, utaifikia kwa SSH kutoka nyumbani, na uamuzi juu ya data utaufanya ukiwa umeketi. Md haina namba za uhakiki na haiwezi kujua ni pacha gani anasema kweli wanapotofautiana, hilo ni pungufu halisi, lakini mfumo endeshi unaweza kuwekwa upya kwa saa moja na data za wanafunzi haziwezi. ZFS, mfumo mwingine wa faili, kwa upande wake, ina namba za uhakiki na vilevile huwaka na diski moja bila kuuliza, na hunakili upya yenyewe pacha anaporudi. Kikwazo ni kwamba kwa sababu za leseni haimo ndani ya kerneli ya Linux, na kila kerneli mpya lazima ijengewe moduli yake kabla ya kuwashwa.

Ukibaki na Btrfs, jua kwamba haikutumii taarifa yoyote diski inapoanza kuugua, wala haiitoi diski mbovu kwenye kundi kama md inavyofanya. Endesha `btrfs device stats --check /` kila siku kwa cron na uifanye ikuandikie inaporudisha kosa, na scrub mara moja kwa mwezi.

Limebaki jaribio, ambalo ni lazima lifanywe kabla hujaiamini mashine hii tena. Subiri `replace`, `balance` na `scrub` ziishe zote. Zima mashine, chomoa kebo ya diski ya kwanza, washa. Unachotaka kukiona ni kidokezo kilekile cha initramfs, kwa sababu kukifikia kunathibitisha kwamba UEFI, GRUB, kerneli na initramfs zote zimepatikana kwenye diski ya pili. Ishie hapo. Mzizi haujapachikwa, hakuna kilichoandikwa, na diski zako bado zinafanana. Zima, rudisha kebo, kisha fanya vivyo hivyo kwa diski nyingine. Ukitaka kwenda mbele zaidi, hadi kuingia katika mfumo kamili kwa `degraded` ili kuijaribu fstab, fanya hivyo kwa diski moja tu. Ukiirudisha nyingine endesha scrub mpaka mwisho kabla ya kujaribu upande wa pili, la sivyo utakuwa umezitengeneza kwa mikono yako zile historia mbili nilizozitaja. Ikiwa zipo hifadhidata zenye `+C`, fanya jaribio hilo refu katika mashine pepe ya QEMU yenye diski mbili bandia, uiache seva kwenye jaribio fupi.

Na kabla hujafunga kasha, endesha `ls -l /dev/disk/by-id`, soma namba ya utambulisho ya kila diski, iandike kwa kalamu isiyofutika kwenye karatasi ya gundi pamoja na namba yake ya Btrfs, 1 au 2, na uibandike kwenye diski yenyewe upande unaoonekana bila kuchomoa kitu. Jina la `/dev/sdb` linaweza kuhamia diski nyingine wakati wowote, na siku ya kubadilisha diski iliyokufa utakuwa umechoka, taa ni hafifu, na diski mbili zilizo mbele yako zitakuwa zinafanana kabisa.